Ilocos Sur: Mkoa wa mitungi, vitambaa na tumbaku

ILOCOS SUR ni mkoa mwembamba ulio katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Luzon, kisiwa kikubwa kuliko vyote nchini Ufilipino. Magharibi umepakana na Bahari ya China Kusini, na mashariki umeegemea safu ya milima ya Cordillera. Makao yake makuu ni Vigan, mji ulioko takriban kilomita 400 kaskazini mwa Manila.

Sensa ya 2020 ilionyesha kuwa mkoa huo ulikuwa na wakazi 706,009. Una miji miwili yenye hadhi ya jiji, yaani Vigan na Candon, pamoja na manispaa 32. Wengi wa wakazi ni Wailokano, ambao lugha yao ndiyo inayosikika nyumbani, sokoni na kanisani. Katika miinuko ya mashariki huishi pia jamii za Wakankanaey na Waitneg.

Vigan iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya shirika la UNESCO mnamo 1999, miaka miwili kabla ya mji wa kale wa Lamu. Kama ilivyo Lamu, Vigan si magofu ya kutazamwa tu. Nyumba zake za kale zina wenyewe, wanaolala humo, wanaofanya biashara humo na wanaogombania mirathi humo.

Hata hivyo, mkoa huu hauishi kwa watalii pekee. Nguzo za uchumi wake ni tumbaku, mpunga, vitunguu saumu, uvuvi na fedha zinazotumwa na wenyeji walio ng'ambo. Sambamba na hizo zimo kazi za mikono za tangu jadi: ufinyanzi, ufumaji, na utengenezaji wa pombe ya miwa, siki na chumvi.

Kazi hizi zimefungamana. Mfinyanzi akiacha kazi yake, mgema wa pombe ya miwa na mchachushaji wa samaki hukosa chombo. Ndiyo maana kuuhifadhi urithi wa Ilocos Sur ni jambo kubwa kuliko kukarabati kuta za nyumba kongwe.

Kisiwa kilichogeuka mji

Zamani Vigan ilikuwa kama kisiwa, kwa kuwa ilizungukwa na mito ya Abra, Mestizo na Govantes. Kabla ya Wahispania kufika, wafanyabiashara wa Kichina walikuwa wakiingia kwa majahazi kupitia Mto Mestizo. Walileta bidhaa za Asia na kuondoka na dhahabu, nta ya nyuki na mazao mengine ya milimani.

Mhispania Juan de Salcedo alifika hapo mnamo 1572, na makao aliyoyaanzisha yakaitwa Villa Fernandina. Alifariki Vigan miaka minne baadaye. Mnamo 1758 makao ya dayosisi ya Nueva Segovia yalihamishiwa mjini humo, na hadhi yake ikapanda. Kanisa kuu linaloonekana leo lilijengwa kati ya 1790 na 1800.

Mitaa ya Vigan ilichorwa kwa mistari iliyonyooka kufuata mtindo wa miji ya Kihispania, lakini nyumba zenyewe zimechanganya asili tatu. Ghorofa ya chini ina kuta nene za matofali yaliyopakwa chokaa. Humo ndimo bidhaa na magari ya farasi yalimowekwa. Ghorofa ya juu, iliyojengwa kwa mbao, ndiyo makazi ya familia. Madirisha yake mapana yana vigae vya makombe ya chaza, yaliyo membamba kiasi cha kupitisha mwanga.

Wenye nyumba hizo wengi walikuwa machotara wa Kichina na Kifilipino waliotajirika kwa biashara. Mto Mestizo ulipojaa mchanga na kushindwa kubeba vyombo vikubwa, biashara ya mji ilipungua. Jambo lililowahuzunisha wafanyabiashara ndilo lililouokoa mji: hakukuwa na fedha nyingi za kubomoa ya kale na kujenga mapya.

Vita Vikuu vya Pili pia viliipita Vigan bila kuiteketeza, tofauti na Manila iliyosagwasagwa mnamo 1945. Wenyeji husimulia kwamba maofisa wa Kijapani waliokuwa na wake Wafilipino mjini humo waliwakabidhi wake na watoto wao kwa kasisi wa parokia, kisha wakaondoka bila kuutia mji moto.

Ardhi ya waasi

Historia ya Ilocos Sur imejaa watu waliokataa kuinamisha vichwa. Waingereza walipoiteka Manila mnamo 1762, Diego Silang aliongoza uasi dhidi ya Wahispania na kuitwaa Vigan. Aliuawa Mei 28, 1763. Mkewe, Gabriela Silang, alichukua uongozi wa vita hadi alipokamatwa na kunyongwa hadharani Vigan, Septemba 20 mwaka huo huo. Leo anahesabiwa miongoni mwa mashujaa wakubwa wa kike wa taifa hilo.

José Burgos, kasisi aliyezaliwa Vigan mnamo 1837, alidai mapadri wazalendo wapewe haki sawa na wale wa Kihispania. Aliuawa Februari 17, 1872, pamoja na mapadri wenzake wawili, Gomez na Zamora, baada ya kuhusishwa na maasi ya askari huko Cavite. Mwandishi José Rizal aliitabaruku riwaya yake ya pili, iliyotoka mnamo 1891, kwa kumbukumbu yao.

Kutoka mji huo huo alitokea Leona Florentino, mshairi aliyeandika kwa Kiilokano na Kihispania. Mwanawe, Isabelo de los Reyes, alikusanya ngano na mila za Wafilipino, na mnamo 1902 akaanzisha shirikisho la kwanza la vyama vya wafanyakazi nchini humo. Elpidio Quirino, rais wa Ufilipino kati ya 1948 na 1953, alizaliwa mnamo 1890 ndani ya jela ya Vigan. Hakuwa mwana wa mfungwa. Babake alikuwa mlinzi wa jela hiyo.

Kusini-mashariki mwa mkoa, milimani, ndiko liliko pito la Tirad. Desemba 2, 1899, Jenerali Gregorio del Pilar, kijana wa miaka 24, alilinda pito hilo na wanajeshi wapatao 60 ili kuwachelewesha Wamarekani waliokuwa wakimfuata Rais Emilio Aguinaldo. Aliuawa pamoja na wengi wa askari wake, na manispaa ya eneo hilo leo ina jina lake.

Mtungi wa burnay

Pembezoni mwa Vigan kuna mtaa wa wafinyanzi. Mitungi yao, iitwayo burnay, ni ya rangi ya hudhurungi iliyokolea na haitiwi nakshi nyingi. Ufundi huo uliletwa na wahamiaji wa Kichina, na baadhi ya majoko bado yamo mikononi mwa vizazi vyao.

Udongo huchanganywa na mchanga, kisha nyati wa kufugwa huzungushwa juu yake akiukanyagakanyaga hadi ulainike. Mfinyanzi huufinyanga juu ya gurudumu linalosukumwa kwa mguu. Mitungi ikikauka hupangwa ndani ya joko refu lililojengwa kwenye mteremko, na kuchomwa kwa kuni kwa moto mkali mno. Moto huo huufanya udongo uwe mgumu kama jiwe, hata mtungi usivuje.

Ni kazi ya nguvu na subira, na malipo yake hayalingani na jasho linalomwagika. Ndoo za plastiki ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Kwa hiyo vijana wengi hupendelea kazi za mjini au za ng'ambo, na majoko yaliyosalia ni machache. Wateja wa mitungi mikubwa sasa ni watengenezaji wa pombe, siki na samaki wa kuchachusha, pamoja na wanaotaka mapambo ya bustani.

Pombe iitwayo basi

Mtungi wa burnay ndio nyumba ya pombe ya Wailokano, ambayo jina lake laweza kumchekesha Mswahili: basi. Maji ya miwa iliyokamuliwa huchemshwa, kisha hutiwa majani na magome ya mti uitwao samak, pamoja na hamira ya kienyeji itokanayo na mchele. Mtungi huzibwa na kuachwa kwa miezi kadhaa, pengine kwa mwaka na zaidi. Pombe hiyo hunywewa katika harusi na matanga, na hutolewa kama tambiko kwa wafu. Ikichacha kupita kiasi hugeuka siki, na siki hiyo nayo haitupwi, kwani ni kiungo cha lazima jikoni.

Wahispania walipoihodhi biashara ya pombe hiyo na kuwazuia watu kuitengeneza wenyewe, hasira zilitanda. Mnamo Septemba 1807 uasi ulizuka Piddig, katika eneo ambalo sasa ni mkoa jirani wa Ilocos Norte. Waasi waliteremka kusini kuielekea Vigan, wakashindwa Septemba 28 kando ya Mto Bantaoay, katika manispaa ya San Ildefonso.

Mnamo 1821 mchoraji Esteban Villanueva alichora picha 14 zinazosimulia uasi huo tangu ulipoanza hadi waasi waliponyongwa. Katika baadhi yake huonekana nyota yenye mkia, ile iliyotokea angani mwaka huo wa 1807. Picha hizo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Vigan. Nao watu wa San Ildefonso wangali wanatengeneza basi hadi leo.

Chumvi, vitunguu saumu na mapishi

Katika vijiji vya pwani, maji ya bahari huchemshwa kwa kuni hadi chumvi ibaki. Mnamo 1995 Ufilipino ilipitisha sheria inayotaka chumvi yote itiwe madini ya iodini ili kuzuia ugonjwa wa rovu. Lengo lilikuwa jema, lakini watengenezaji wadogo wengi hawakumudu gharama za kutimiza masharti hayo, na nchi yenye visiwa zaidi ya 7,000 ikawa inaagiza sehemu kubwa ya chumvi yake kutoka nje. Mnamo Machi 2024 sheria nyingine ilipitishwa ili kufufua kazi hiyo.

Masaibu kama hayo yamewapata wakulima wa vitunguu saumu wa Sinait, kaskazini mwa mkoa. Vitunguu vyao ni vidogo lakini vikali, na ladha yake husifiwa kote nchini. Tangu Ufilipino ijiunge na Shirika la Biashara Duniani mnamo 1995, vitunguu vya China, vilivyo vikubwa na vya bei nafuu, vimefurika sokoni.

Bila vitunguu hivyo na siki ya miwa, soseji za Vigan zisingekuwa na ladha inayozitambulisha. Narvacan ina sifa ya vipande vya nyama ya nguruwe vinavyochemshwa na kukaangwa hadi ngozi itoe sauti ikitafunwa. Barabarani huuzwa sambusa kubwa za unga wa mchele, zilizojazwa papai bichi lililokwaruzwa, yai na soseji. Samaki wadogo waliochachushwa kwa chumvi ndani ya mitungi ya burnay hukolezea mboga karibu kila siku.

Vitambaa vya abel

Kitambaa cha pamba kinachofumwa kwa mkono huitwa abel au inabel. Zama za merikebu zilizosafiri kati ya Manila na Acapulco, yaani 1565 hadi 1815, vitambaa vya Ilocos vilitumika kutengenezea matanga. Sifa yake ni uimara. Shuka la abel lililofumwa kwa ajili ya bibi huweza kurithiwa na mjukuu.

Miongoni mwa michoro mashuhuri ni binakol, yenye miraba iliyopindwa hata jicho likadhani kitambaa kinazunguka. Wazee waliamini kuwa mchoro huo huwachanganya pepo wabaya. Mitambo ya mbao ya kufumia ingali ikisikika katika vitongoji vya Vigan, Caoayan, Santiago na Tagudin. Aghalabu wafumaji ni wanawake, na siku hizi wengi hununua nyuzi za viwandani badala ya kusokota pamba yao wenyewe.

Miji mingine ya kutajwa

Bantay, jirani ya Vigan, ina mnara wa kengele uliojengwa mnamo 1591. Ulisimamishwa kilimani, mbali na kanisa, ili walinzi waone maadui wakija kutoka baharini.

Santa Maria ina kanisa la matofali lililojengwa juu ya kilima mithili ya ngome. Waumini hulifikia kwa kupanda ngazi ndefu za mawe. Mnamo 1993 liliingizwa katika Urithi wa Dunia pamoja na makanisa mengine matatu ya Ufilipino: ya Manila, Paoay na Miagao.

San Vicente ni mji wa maseremala na wachongaji wa sanamu. San Esteban ina mafundi wachongao vinu vya mawe. Cervantes, milimani, ndiko liliko pito la Bessang, ambako wanajeshi Wafilipino waliwashinda Wajapani Juni 14, 1945.

Candon, jiji la pili, ndio kitovu cha tumbaku. Kutoka huko waliondoka wanaume 15 waliotia nanga Hawaii Desemba 20, 1906, kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Walikuwa wa kwanza wa maelfu. Tangu hapo ni nadra kupata ukoo wa Kiilokano usio na ndugu Hawaii au California, na nyumba nyingi za mkoa huu zimeezekwa kwa fedha zao.

Jani linalolisha mkoa

Tumbaku aina ya Virginia ilienea Ilocos katika miaka ya 1950, baada ya serikali kuzuia uagizaji wa jani hilo kutoka nje. Hupandwa baada ya mpunga kuvunwa, wakati wa kiangazi. Majani hukaushwa katika vibanda maalumu kwa moto wa kuni kwa siku kadhaa, na kazi hiyo imegharimu miti mingi.

Mnamo 1992 bunge lilipitisha Sheria ya Jamhuri nambari 7171. Inaitengea mikoa inayozalisha tumbaku hiyo asilimia 15 ya ushuru wa sigara zinazotengenezwa kwayo. Ilocos Sur, ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa, ilianza kupokea fedha ambazo mikoa mingi ya mashambani ingeweza kuziota tu. Kwa mujibu wa sheria hiyo, fedha zenyewe ni za kuwainua wakulima kupitia vyama vya ushirika, miradi ya mifugo, viwanda vya mazao na barabara.

Fedha hizo ziliwahi kuitikisa nchi nzima. Mnamo Oktoba 2000 gavana wa wakati huo, Luis Singson, alidai kuwa alimpelekea Rais Joseph Estrada fedha za kamari haramu pamoja na sehemu ya ushuru wa tumbaku wa mkoa wake. Estrada alikanusha. Alishtakiwa bungeni, na Januari 20, 2001, akaondoka ikulu huku umati ukiwa barabarani. Mnamo 2007 mahakama ilimpata na hatia ya uporaji wa mali ya umma, ingawa dai la ushuru wa tumbaku halikuthibitishwa dhidi yake. Mwezi uliofuata alisamehewa na Rais Gloria Arroyo.

Hapa ndipo penye kitendawili cha Ilocos Sur. Mnamo 2012 Ufilipino ilipandisha sana ushuru wa sigara ili kupunguza uvutaji na kugharimia afya ya umma. Sera hiyo ikifaulu kikamilifu, wavutaji watapungua, na pamoja nao mapato ya mkoa. Mkulima ambaye baba yake na babu yake walipanda tumbaku hana budi kujiuliza atapanda nini.

Baada ya tetemeko

Julai 27, 2022, asubuhi, tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.0 lilitokea katika mkoa jirani wa Abra. Mawe na matofali yalianguka kutoka mnara wa Bantay. Huko Vigan kuta za nyumba za kale zilipasuka, lipu ikamwagika barabarani na kanisa kuu likapata nyufa. Oktoba mwaka huo tetemeko jingine la Abra liliongeza uharibifu.

Mji huo haukuwa mgeni katika kazi ya ukarabati. Tangu katikati ya miaka ya 1990 serikali yake ilikuwa imetunga kanuni za kulinda nyumba hizo, na mnamo 2010 ilishirikiana na UNESCO kutoa kitabu cha mwongozo kwa wenye nyumba, kinachoeleza namna ya kutengeneza ukuta, paa au dirisha bila kuharibu asili yake. Mnamo 2012 UNESCO iliitunuku Vigan kwa usimamizi bora wa eneo la urithi.

Pamoja na hayo, mwongozo haununui mbao. Nyumba moja huweza kuwa na warithi wengi, wengine wakiwa Manila na wengine Hawaii, na kila mmoja ana kauli. Ukuta wa kale hauponi kwa saruji ya kisasa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani na kuyaharibu matofali. Wanahitajika mafundi wa chokaa, maseremala wa kale na watengenezaji wa madirisha ya makombe, na watu hao hawapatikani iwapo kazi zao hazikuwalisha wakati wa amani.

Hilo ndilo funzo ambalo tetemeko liliwaachia watu wa Ilocos Sur. Mtalii anayenunua mtungi mdogo wa burnay au leso ya abel huenda akadhani amenunua kumbukumbu tu, kumbe amechangia mshahara wa fundi ambaye mji utamhitaji siku ardhi itakapotetemeka tena.